Dirii ya Pipa la Bluu

Ukimpelekea Kioo gari lililobondwa na lori, likalala mvuani mpaka kuku wakataga ndani yake, atakurudishia gari ambalo wewe mwenyewe utalizunguka ukitafuta namba ili uhakikishe ni lako. Ndiyo maana wakamwita Kioo. Jina alilopewa na baba yake walikwisha kulisahau wote pale gereji, hata mwenye gereji anayemlipa. Watu walikuja kujitazama kwenye milango aliyoipiga rangi. Mabibi harusi waliweka sawa shela zao, vijana walichana nywele, na Kioo alisimama kando, kitambaa begani, akijifanya hawaoni. Kujifanya tu. Sifa alizipenda kama wengine wanavyopenda nyama, na wala hakuona haya kulisema.

Basi mtu huyu, ambaye riziki yake yote ilitokana na kufuta makovu, ndiye aliyeambiwa na mkewe jioni moja wakila: "Baba watoto, nimepata."

"Umepata nini?"

"Ujemadari."

Kioo akaacha tonge njiani. "Kwani jeshini siku hizi wanachukua watu wa umri wetu?"

"Wa mchezo wa kuigiza, we mwanamume! Ule wa Mwalimu, pale ukumbini."

Mkewe alikuwa mpokezi wa zahanati. Alishinda nyuma ya kidirisha akiwauliza watu wanaumwa wapi, akiwaandikia kadi, akiwaonyesha benchi la kusubiria. Ila kabla ya kidirisha, kabla ya watoto, kabla ya Kioo mwenyewe, alikuwa mwigizaji, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa moto wa kuotea mbali. Halafu maisha yakaja na mambo yake, kama yanavyowajia wote, jukwaa likawekwa kando, na likakaa huko kando mpaka watoto wakakua. Kioo aliijua habari hiyo kama unavyojua kwamba mkeo aliwahi kuugua surua utotoni. Hakuwahi kumwona akiigiza hata siku moja.

Sasa mwalimu mmoja mstaafu, ambaye kustaafu kulimshinda, alikuwa ameanzisha kikundi cha maigizo. Mkewe Kioo alikwenda kuangalia tu, akarudi na nafasi kubwa kuliko zote. Jemadari alikuwa mwanamke aliyeongoza jeshi katika vita virefu, na mchezo unaanza siku anaporudi nyumbani peke yake, kwa miguu. Anaingia kwa kupita katikati ya watazamaji. Hasemi neno mpaka afike mbele. Kwa mwendo wake tu na kwa mavazi yake, ukumbi mzima unatakiwa ujue ametoka wapi na kumetokea nini huko.

"Tatizo," alisema mkewe, "kikundi hakina hata senti. Kila mtu aje na vazi lake. Mwalimu kasema Jemadari asiye na dirii ni mama aliyepotea njia ya sokoni. Nikikosa, nafasi anapewa mke wa mwenye duka la dawa. Yule kashakodi vazi zima, na manyoya kichwani. Na maneno yangu kashayakariri yote. Eti ananisaidia."

"Si na wewe ukodi?"

"Nimeuliza bei, nikatoka dukani kinyumenyume."

Kioo aliliona jambo ambalo ni nadra mwanamume kuliona akiwa na njaa: mkewe alikuwa anataka kitu. Si sabuni, si ada ya mtoto, si bati la jikoni. Kitu chake mwenyewe. Alikuwa anazungusha kikombe mezani bila kunywa, na hakumtazama usoni.

"Ondoa shaka," Kioo akasema, akapiga kifua. "Mimi naunda bampa kutoka hewani, nitashindwa na fulana ya chuma?"

Maneno mengine bwana, mtu huyasema kwanza halafu ndipo anayasikia.

Kesho yake alianza. Pale gereji kulikuwa na pipa la plastiki la bluu, limepasuka kitako, ambalo watu walitupia makopo matupu. Kioo aliomba, akapewa, akalikata tumbo. Tumbo la pipa lina mviringo wa kifua cha mtu, tena mtu aliyeshiba. Mkewe alipimwa kwa magazeti, akiwa amesimama katikati ya sebule ameviringishwa habari za juzi, naye Kioo akakata plastiki kwa kufuata magazeti hayo: kipande cha kifua, kipande cha mgongo. Alivipitishia moto wa gesi polepole mpaka vikalegea, akavikandamiza juu ya gunia la mchanga vishike umbo. Mabega aliyatengeneza kwa mikeka ya mpira ya magari, akaikata magamba magamba na kuyapandanisha. Mikanda ya kufungia ilitoka kwenye viti vya basi bovu. Zile pini za plastiki zinazoshika bampa, ambazo kila fundi huzitupa, alizipanga ukingoni, ungeapa ni misumari ya mhunzi. Kofia ilikuwa helmeti ya pikipiki isiyo na kioo cha mbele, ikaongezewa ukanda wa tairi utosini. Hakununua kitu isipokuwa gundi, na gundi yenyewe alinunua nusu kopo.

Rafiki yake Nyundo, fundi wa kunyoosha bodi, alikuwa akija kila akipata nafasi kushika ncha ya pili. Nyundo alikuwa mtu wa miraba minne, mkono mzito, moyo laini. "Shemeji atapendeza mpaka adui ajute kuanza vita," alisema.

Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Shida ilianza kwenye rangi.

Plastiki ya pipa haishiki rangi hivi hivi. Lazima uisugue kwa msasa, uipitishie moto kidogo, ndipo ikubali. Kioo akasugua. Akapiga praima. Akapiga rangi ya fedha iliyobaki kwenye gari la mteja mmoja. Hapo angeweza kuacha, na mwenye akili angeacha. Lakini mkono una mazoea yake. Aliona kijidoa, akasugua tena kwa msasa wa maji. Akapiga vanishi. Akaona vanishi ina vumbi, akasugua, akapiga nyingine. Mwisho akachukua nta na kitambaa laini, akazungusha, akazungusha, mpaka mwenye gereji akaja kuchokonoa meno mbele ya kile kifua.

Siku ya mazoezi Kioo alimsindikiza mkewe ukumbini. Alisema anambebea mzigo. Ukweli alikwenda kupokea sifa. Mkewe alivaa, akafunga mikanda, akatoka nyuma ya pazia, na kweli watu wakasema "Eeeh!" Mwalimu akaja, mikono nyuma. Akamzunguka. Akasimama mbele ya kifua, akaona uso wake humo, akarekebisha miwani.

"Kazi safi sana," akasema. "Sasa niambie, mama. Jemadari katoka vitani, au katoka dukani?"

Watu wakaangua kicheko. Mkewe Kioo alicheka pia, lakini kwa mdomo tu, na Kioo akaona.

"Si masihara," Mwalimu akaendelea, safari hii kwa upole. "Huyu mtu amelala porini. Amepigwa. Amezika watu. Vazi hili halijawahi kunyeshewa hata mvua. Na kwa kung'aa peke yake, la kukodi litakushinda. Nakupa mpaka mazoezi ya mwisho, Ijumaa jioni. Likiwa bado jipya, mwenzako ataingia, Jumamosi ndiyo onyesho, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Mke wa mwenye duka la dawa alikuwa amekaa mstari wa mbele, kitabu cha maneno mapajani, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Masikitiko mengine jamani!

Njiani kurudi Kioo alisema, "Mama watoto, kulichakaza ni dakika tano tu." Na aliamini.

Asubuhi alichukua bisibisi, akasimama mbele ya dirii, akafumba macho, akavuta mkwaruzo mmoja wa haja. Alipofumbua, kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa kimeshachota pati ya kuzibia na kimeshaufukia. Hakukituma. Akajaribu tena, mkwaruzo mwingine, na tena mwili ukamsisimka kama mtu aliyesikia kijiko kikikwaruza sufuria, akakimbilia msasa. Mchana kutwa aliharibu na kutengeneza, akaharibu na kutengeneza, na jioni ile dirii ilikuwa nzuri zaidi kuliko asubuhi. Mganga hajigangi, na fundi rangi hajikwaruzi.

Ijumaa asubuhi akaamua kwenda kitaalamu. Mtu akipanga kazi, mkono hutii. Akachukua futi na chaki, akapima, akachora miduara mahali ambapo makovu yatakaa: mitatu kifuani, mitatu mgongoni, mmoja kila bega, yote kwa nafasi sawa. Akajikaza kisabuni, akakwaruza ndani ya mduara mmoja, akakwaruza wa pili, na pati hakugusa. Alijisikia shujaa. Kilichobaki kilikuwa kutu, na kwa kutu alihitaji siki. Akaiacha dirii juu ya meza ya kazi, akatoka kwenda dukani.

Sasa hapa lazima nieleze sheria ya gereji ile, maana bila hiyo utamlaumu mtu bure. Pale, yeyote akiona kasoro kwenye bodi ya gari huizungushia chaki. Na yeyote mwenye nafasi, akiona duara la chaki, huitengeneza kasoro hiyo bila kuuliza ni gari la nani wala kwa nini. Ndivyo kazi ilivyokwenda haraka, na ndivyo walivyoishi bila kugombana. Duara la chaki lilikuwa amri. Kioo mwenyewe alizitii amri hizo kwa miaka, na alizitoa kwa miaka, na siku hiyo ya siku hakukumbuka hata kidogo.

Nyundo naye tangu katikati ya wiki alikuwa amepelekwa kunyoosha basi kwenye yadi ya mteja. Ya Mwalimu na duka na vita hakuyasikia. Alichojua ni kwamba dirii ya shemeji iling'aa, na leo ndiyo inatakiwa. Akarudi, akaikuta mezani imekwaruzwa, ina chaki kila mahali. Moyo ukampasuka. Akajua imeanguka. Akamwona rafiki yake katika mawazo, kachora ile miduara kwa uchungu, halafu kaondoka kwenda kutafuta msaada. Hakupoteza muda.

Kioo angewahi kurudi, lakini mteja mmoja alimshika njiani amwangalizie mlango, na kwenye milango Kioo hakuwa na breki. Aliporudi na chupa yake ya siki, dirii ilikuwa juani, imeegemezwa ukutani, hata nzi alipotua aliteleza. Mikwaruzo hakuna. Na pale penye miduara mitupu, Nyundo, kwa kuwa hakuiona kasoro na alijua Kioo hawezi kuchora bure, alikuwa amesugua na kupiga rangi upya kwa usalama.

"Usiseme kitu," Nyundo akasema, uso umejaa furaha, vumbi la pati mpaka kwenye kope. "Wewe ungenifanyia vilevile."

 Kioo alikaa chini, palepale kwenye oili.

Alikuwa bado amekaa hapo, na Nyundo amemchuchumalia akiuliza kama ni presha, mkewe alipoingia kutoka kazini, kadi ya zahanati bado shingoni, kuja kuchukua vazi lake. Aliitazama dirii. Akajiona humo, mzima mzima, na mkoba wake.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliketi juu ya tairi, akaweka mkoba mapajani. Nyundo alipoelezwa alichofanya alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema "Shemeji, niue," na mkewe Kioo akamwambia, "Hapana, shemeji. Umefanya kazi nzuri sana. Wote mmefanya kazi nzuri." Kisha akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Mimi nilikuwa nimeshaanza kumjua yule mama. Nikiwa kidirishani, mtu akija ananiambia anaumwa wapi, nasema moyoni, haya, hili nitampa Jemadari."

Kioo alijisikia vibaya. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Alijisikia vibaya kwa ajili ya mkewe, na juu ya hapo alijisikia vibaya kwa sababu alikuwa amepima majeraha ya mtu kwa futi, kama anayepanga vifungo vya shati, wakati mwenye majeraha analala naye nyumba moja. Akanyanyuka, suruali imelowa oili.

"Alipigwa wapi?"

"Nani?"

"Jemadari. Wewe. Ulipigwa wapi huko vitani? Niambie, mimi si nilikuwa huku natengeneza magari."

Mkewe alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Hakuona mzaha. Akaweka mkoba chini, akavua kadi shingoni, akavaa dirii, akasimama katikati ya gereji.

"Watu hawasemi mara moja," alisema. "Unawaona wanavyosimama." Akasimama, na bega la kushoto likashuka. Lilishuka kidogo tu, lakini mkono mzima ukabadilika, ukawa mkono wa mtu asiyeuinua hata kujibu salamu. "Hapa. Siku ya kwanza. Ilikuwa rungu. Sikuiona ikija, nilikuwa namtazama mtoto wa dada yangu aliyeshika bendera. Nilimwahidi dada nitamrudisha."

Sauti haikuwa ya kidirishani. Kioo aliisikia kwa mara ya kwanza, na nywele za mikono zikamsimama. Akamvua bega lile la mpira, akaliweka juu ya fuawe, akamgeukia Nyundo.

"Piga."

"Nipige kweli?" Nyundo aliinua nyundo yake kama mtu aliyeambiwa achinje paka. "Shemeji?"

"Piga, shemeji. Wao walipiga."

Nyundo akapiga. Magamba mawili yakachanika, la tatu likabaki linaning'inia, na Kioo alipopeleka mkono kulirudisha mkewe akasema "Acha," akaacha.

Mambo yakaanza kwenda. Mshale ulipita ubavuni na kuteleza, mkewe akamwonyesha ulikotokea na ulikoishia, Kioo akaichora njia yake kwa msumeno kwa mkupuo mmoja. Kifuani palikuwa na pigo la mkuki ambalo halikupenya. Kioo akapasha moto mpaka plastiki ikalegea, Nyundo akazamisha hapo kichwa cha mpini wa nyundo, na bonde lililoingia lilikuwa baya kweli kweli, yaani zuri. Kumbe Kioo naye alikuwa na la kuchangia. Mlango wa gari la zamani huisha rangi pale unaposhikwa kila siku, na kutu haianzi katikati, huanza ukingoni na chini ya misumari, maji yanapolala. Akafuta rangi kwenye mikanda na kwenye ukingo wa kofia, mahali ambapo mtu huishika akiivua kila jioni. Akazimua rangi nyeusi kwa thina, akapaka, akafuta kwa tambara, ikabaki kwenye mikwaruzo na kati ya magamba. Akakusanya unga wa chuma uliodondoka chini ya jiwe la kunolea, akaunyunyiza kwenye vanishi mbichi, akamwagia siki na chumvi. Kutu ya kweli ikaanza kuchomoza juani, rangi ya chungwa, mbele ya macho yao.

Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi. Mteja aliyekuja kuchukua gari lake alisahau kuuliza liko wapi.

"Na mgongoni?" Kioo akauliza.

"Mgongoni hakuna kitu. Sikugeuka."

Akapaka udongo tu, wa mtu aliyelala chini. Alikuwa anafunga kopo la rangi mkewe aliposema, "Ngoja. Weka kimoja."

"Si umesema hukugeuka?"

"Nilidanganya. Hata kidirishani, la aibu wanalisema mwisho, wakishaanza kuondoka." Akavuta pumzi. "Siku ya mwisho tulikimbia. Mimi nilikuwa wa kwanza."

 Kioo alichukua kisu, akauchora mkwaruzo ule mwenyewe, mmoja, mrefu, kutoka bega mpaka kiunoni, na ulimuuma kuliko yote aliyopiga siku ile. Hakuufukia.

Jioni Mwalimu aliitazama dirii kwa muda mrefu. Akaigusa begani. Kisha akamgeukia mke wa mwenye duka la dawa akamwomba, kwa heshima zote, ashike nafasi ya jirani mwenye wivu, na yule mama, lazima tumpe haki yake, akaicheza siku ya pili yake kana kwamba amezaliwa nayo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki viliisha, watu wakasimama ukutani. Kioo na Nyundo walikaa mstari wa nyuma kabisa, Nyundo kavaa koti la harusi yake, halifungi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, taa zikapunguzwa, na Jemadari akaingia.

Hakutembea kwa haraka. Bega lilikuwa limeshuka. Alipita katikati ya viti, na minong'ono iliyokuwepo ikazimika mstari baada ya mstari, kwa jinsi alivyokuwa akiwafikia. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, yule kaumizwa na nani?" na hakuna aliyemnyamazisha. Alipokwisha kuwapita, watu wakauona mgongo wake, na Kioo, ambaye tangu utoto wake wa ufundi alikuwa akisikiliza watu wanavyosema wakiona kazi yake, alisikia kitu kipya: hakuna aliyesema kazi nzuri. Walikuwa wanamwonea huruma.

Akafika mbele. Akasimama. Mchezo ulivyoandikwa, hapo angenyamaza kidogo, kisha aanze kusema.

Bibi mmoja wa mstari wa kwanza, ambaye hakuwa katika mchezo wala hakuwa amewahi kukanyaga ukumbi ule, akainuka. Akaburuta kiti chake cha plastiki sakafuni, kikapiga kelele, akakiweka nyuma ya Jemadari.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Umetoka mbali. Maneno yatakuja."

Hakuna aliyecheka. Pembeni ya pazia Mwalimu alikuwa amekunja karatasi zake, hajui azikunjue au aziache. Jemadari alimtazama yule bibi. Kisha akakaa, polepole, akilishikilia bega. Akaivua ile kofia, akampa, na bibi akaipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama kando yake ameikumbatia.

Kioo alikuwa analia. Machozi yalimtoka bila adabu yoyote, yakaingia kwenye kola.

Nyundo akamgusa kiwiko. "We! Unalia?"

"Nalia," Kioo akasema. "Nyamaza, nimsikilize."

 Mbele kule mkewe aliweka viganja magotini, akainua uso, akaanza kusema, na Kioo akasogea ukingoni mwa kiti ili asikose hata neno moja.